Mkono wa Hadija

Karibuni, wasichana wangu, kaeni. Nasikia mnajifunza ukunga pale hospitalini, mnavaa nguo nyeupe na kila jambo mnaliandika kwenye daftari. Vizuri sana. Mimi sikuandika kitu. Kila nilichojua nilikiweka kwenye vidole hivi, na sasa vidole vyenyewe vimeanza kusahau.

Mmeniuliza nimezalisha watoto wangapi. Sijui. Watu huniuliza hivyo kila mara, na nikisema sijui wanasikitika. Niulizeni badala yake nimemuumiza mtoto gani. Huyo namjua. Anaitwa Hadija binti Mdoe, na bega lake la kushoto nimelishika mara nyingi kuliko bega la mtoto yeyote niliyemzaa mwenyewe. Yale yaliyotokea baada ya kumuumiza ndiyo yaliyonifanya mkunga, na ndiyo maana nikikaa hapa asubuhi nikiota jua huwa nawashukuru watu walionishtaki.

Mimi ni mtu wa Kwaluguru. Niliolewa huko, nikaachwa huko, na baba yangu akanileta hapa Korogwe ya zamani nikae na shangazi yake, Bibi Chausiku. Ilikuwa enzi za Mdachi. Bibi Chausiku alikuwa mkunga anayejulikana pande zote mbili za mto Pangani, mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini. Baba alimwambia, "Mpe kazi, asikae anafikiria mume." Bibi akanitazama mikono, mbele na nyuma, kama mtu anayechagua jembe. Akasema, "Ni mikubwa, lakini tutaona."

Mwaka mzima hakuniruhusu kumgusa mzazi. Kazi yangu ilikuwa kuchemsha maji, kunoa wembe, kutandika majani makavu ya mgomba, na kufukuza wanaume wanaochungulia. Hiyo ya maji msiidharau. Siku moja tulimpa mume wa mtu kazi ya kuchemsha, naye kwa hofu akachochea moto mpaka maji yakaisha na chungu kikapasuka, halafu akaja mlangoni kutuuliza kama yameiva.

Fundisho lake kubwa Bibi alinipa nyumbani, bila mzazi wala mtoto. Alichukua kikapu chenye mdomo mwembamba, akaingiza kibuyu ndani yake, akaniambia, "Kitoe." Nikashika shingo ya kibuyu nikavuta. Mdomo wa kikapu ukachanika. Bibi hakukasirika. Alileta kikapu kingine, akatia kibuyu kingine, akasema, "Safari hii usikiguse kibuyu. Geuza kikapu." Nikakilaza kikapu upande, nikakiinua upande wa pili, nikakizungusha kidogo. Kibuyu kikajigeuza chenyewe, kikatoka.

"Umeona?" akasema. "Kichwa kikitoka na mabega yakakwama, mkono wako utataka kuvuta. Ukataze. Mgeuze mama. Apige magoti, ashike chini kwa mikono, mgongo uwe juu kama mtu anayepalilia. Bega litapata njia. Shingo ya mtoto ina kamba ndogo ndogo ndani yake, na ukivuta unazikata."

Nyinyi mtafundishwa hayo kwa picha. Mimi nilifundishwa kwa kikapu, nikasema, "Nimeelewa, Bibi." Na kweli nilielewa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Sikukosea kwa kutojua.

Siku yenyewe ilikuwa ile ambayo gari la moshi lilifika Korogwe kwa mara ya kwanza. Hamwezi kujua ilivyokuwa. Miezi mingi tulikuwa tunasikia habari zake. Wanaume wetu walikuwa wamebeba mataruma ya reli, wamechimba, wamepasua mawe, wengine kwa hiari na wengine kwa kulazimishwa. Sasa kazi yao ilikuwa inakuja na moshi na kelele, na watu walishuka milimani kwa Washambaa na wengine wakatoka Handeni kwa miguu ili waone. Nilikuwa nimeweka khanga mpya kwa ajili ya siku hiyo.

Asubuhi mapema akaja mwanamke mmoja, dada yake Mdoe, kusema kwamba wifi yake Zaituni ameshikwa na uchungu. Bibi Chausiku alikuwa amelala na homa, anatetemeka chini ya mablanketi mawili. Nilikuwa nimeshazalisha mara chache, yeye akiwa nyuma yangu. Akanishika mkono, wake ukiwa wa moto, akasema, "Nenda wewe. Ni mimba yake ya kwanza, itachukua muda. Usiiharakishe." Nikasema, "Sawa, Bibi," nikavaa ile khanga mpya.

Zaituni alikuwa msichana wa umri wangu, mwenye maneno machache na macho yanayoona kila kitu. Mumewe Mdoe alikuwa relini pamoja na wenzake. Ndani tulikuwa watatu tu: Zaituni, wifi yake na mimi. Kadiri jua lilivyopanda ndivyo tulivyosikia watu wakipita nje wakicheka na kuitana. Zaituni mwenyewe, katikati ya uchungu, alisema, "Nendeni mkaone, mtanikuta hapa hapa." Tulicheka sote.

Karibu na adhuhuri kichwa kikaanza kuonekana, na wakati huo huo tukasikia mlio ambao hatukuwahi kuusikia, mrefu, kutoka upande wa pwani. Nje watu wakapiga vigelegele. Wifi mtu akasimama, akaenda mlangoni, akarudi, akaenda tena. Kichwa kikatoka. Kikasimama. Nikangoja kidogo, nikaona kinarudi nyuma kama kobe anayeingia gambani. Mabega yamekwama.

Nilijua la kufanya. Lakini kumgeuza mwanamke aliyechoka kunachukua muda. Ni kumwinua, kumshikilia, kumtuliza, kumweka magoti, halafu kungoja. Ule mlio ulisikika tena, karibu zaidi. Moyo wangu ulikuwa tayari uko huko nje. Nikapitisha kidole kwapani mwa mtoto, nikashika shingo kwa mkono wa pili, nikavuta. Nilisikia kitu kikikatika kidogo chini ya vidole vyangu, kama uzi. Mtoto akatoka, msichana mzito, akalia. Nikakata kitovu, nikangoja kondo la nyuma, nikamfunga mtoto, nikampa mama yake. Halafu nilikimbia.

Na gari niliwahi. Nililiona. Mkiniuliza lilikuwaje, siwezi kuwaambia, kwa sababu kila nikijaribu kulikumbuka naona uzi ule unakatika.

Niliporudi jioni kumtazama mzazi, Zaituni aliniambia, "Dada Mwanjaa, mbona mkono huu hautingishiki?" Nikafungua nguo. Mkono wa kulia ulikuwa unarusharusha kama wa mtoto yeyote. Wa kushoto ulikuwa umelala ubavuni, umenyooka, kiganja kimegeukia nyuma. Niliuinua, nikauachia, ukaanguka kama kitambaa kilicholowa.

"Ameulalia tumboni," nikasema. "Utachangamka."

"Kweli?"

"Kweli."

Zaituni aliniamini. Alinishukuru hata, na akampa wifi yake jogoo aniletee nyumbani. Nilimla yule jogoo. Nawaambia na hilo ili msije mkadhani kwamba nilikuwa mwema aliyeteleza mara moja.

Siku ya tatu homa ya Bibi Chausiku ilishuka, akachukua fimbo yake akasema twende kumwona mtoto. Njia nzima nilikuwa namwambia apumzike. Tulipofika, alimlaza mtoto magotini, akamfungua, akamtazama mwili mzima. Kisha akapiga makofi mara moja karibu na masikio ya mtoto. Mtoto akashtuka: mkono wa kulia ukaruka na vidole vikafunguka. Wa kushoto ulibaki pale pale.

"Mabega yalikwama?" akaniuliza.

"Kidogo, Bibi."

"Ulimgeuza mama?"

Nilijifanya nakunja nguo za mtoto. Wifi mtu, ambaye hakujua kwamba kuna ubaya wowote, akajibu kwa ajili yangu. "Hakumgeuza, Bibi. Alimshika shingoni na kwapani akavuta kwa nguvu, maana gari lilikuwa limeshafika."

Bibi alimfunga mtoto polepole, akamrudisha kwa mama yake. Angeweza kusema neno moja la kunificha. Zaituni hakuwa anajua lolote kuhusu ukunga, na kwa miaka yote ile jina la Bibi lilikuwa safi. Lakini alisema hivi, na nayakumbuka maneno yake yote: "Zaituni, mwanangu. Mtoto wako hakuumbwa hivi na hakulalia mkono. Ameumizwa wakati wa kuzaliwa. Aliyemuumiza ni mwanafunzi wangu, kwa haraka yake, na alijua njia nyingine. Una haki ya kushtaki, na mimi nitakuwa shahidi wako."

Zaituni hakupiga kelele. Alinitazama tu, halafu akatazama khanga yangu.

Njiani nilimwambia Bibi, "Umeniua." Akasimama, akaegemea fimbo yake, akasema, "Sijakuua. Wewe u mzima, na una mikono miwili." Nilimchukia, wasichana wangu. Nilimchukia kwa majuma mengi, na nilikuwa nakula chakula chake.

Shauri lilisikilizwa barazani kwa Jumbe, wazee wakiwa wamekaa upande mmoja na sisi upande wa pili. Baba yangu alikuja kutoka Kwaluguru, vumbi mpaka magotini. Mdoe alisimama akaeleza, kwa utaratibu, mtu mpole asiyezoea kusema mbele za watu. Bibi Chausiku akatoa ushahidi. Mimi nilipoulizwa nilisema, "Ni kweli," na sauti yangu haikufika hata mstari wa mbele, ikabidi niseme tena.

Jumbe alikuwa na haraka ya kulimaliza. Alikuwa anaogopa habari isifike juu ikaonekana kwamba kwake hakuna utaratibu. "Jambo hili ni kubwa," akasema. "Nampeleka bomani. Mdachi atamfunga, na litakuwa funzo."

Hapo ndipo Zaituni aliposimama, na mtoto mgongoni. "Mzee Jumbe," akasema, "akifungwa yeye, huyu atapata nini?"

Wazee wakatazamana.

Baba yangu akaona nafasi. Akasema kwa heshima kwamba yuko tayari kuleta mbuzi, akataja na majike wenye mimba, na kwamba atanichukua nirudi Kwaluguru nisionekane tena hapa, jambo liishe. Wazee waliafiki. Hata mimi niliafiki moyoni. Nilitaka sana kupotea.

"Baba, nakushukuru," Zaituni akamjibu. "Lakini mbuzi watakufa kwa ugonjwa mwaka kesho, na mkono wa mwanangu utakuwa bado uko hivi. Huyu ni msichana. Atatwanga vipi? Atalima vipi? Nani atamwoa? Mimi sitaki mbuzi. Nataka mikono yake huyu," akaninyooshea kidole, "mahali pa mkono uliopotea."

Wakamwambia aeleze. Akaeleza kama mtu aliyelala nalo siku nyingi. Kwanza, kila asubuhi nije niukande mkono wa mtoto, niunyooshe na kuukunja kama Bibi Chausiku atakavyonionyesha. Pili, kila msimu nilime shamba liwe la mtoto mwenyewe, si la Mdoe wala la mtu mwingine, na mavuno yake yawekwe kwa jina lake, mpaka siku mtoto mwenyewe atakaposema basi.

"Shamba lipi?" Jumbe akauliza. "Mdoe ana ardhi ya kugawa?"

Mdoe akatazama chini. Hakuwa nayo.

Bibi Chausiku akanyanyuka. "Nina kipande bondeni, kando ya mto," akasema. "Kinatoa mahindi na mpunga. Nakitoa kwa mtoto. Aliyemtuma msichana huyu peke yake ni mimi. Ningeweza kumwita mkunga mwingine, na sikumwita, kwa sababu sikutaka mtu aseme Chausiku amezeeka. Sehemu ya kosa ni yangu."

Hakuna aliyemwomba. Kile kipande ndicho kilichokuwa kinamlisha. Nilimtazama yule mwanamke mfupi na fimbo yake, na chuki yangu ikaanza kukosa mahali pa kukaa.

"Na la tatu," Zaituni akasema. "Kila nyumba atakayoitwa kuzalisha, kabla hajavuka mlango, aseme alichomfanya mwanangu. Kisha wenye nyumba waamue."

Baba yangu akalalamika. Mzee mmoja akauliza, "Kwa nini usitake aache kazi kabisa?"

"Amejifunza kwa mkono wa mwanangu," Zaituni akajibu. "Akiacha kazi, mkono huo utakuwa umepotea bure."

Ndivyo fidia ilivyokatwa. Hakuna aliyefungwa na hakuna mbuzi aliyevuka mto.

Sasa kuhusu kukanda, sikilizeni vizuri, maana hili mtalihitaji. Siku za kwanza usiguse. Acha bega lipumzike, mfunge mtoto mkono ukiwa umekunjwa kifuani. Baada ya hapo, mafuta ya nyonyo yaliyopashwa moto kidogo, na mkono wako usiwe na haraka. Unainua bega mpaka linapokataa, unasimama hapo hapo. Unakunja kiwiko, unageuza kiganja kitazame juu, unafungua vidole kimoja kimoja. Usimwinue mtoto kwa kwapa. Na umwongeleshe. Bibi alisema mtoto akikuzoea hakazi misuli. Mimi nilimwimbia Hadija nyimbo za kupalilia kwa Kizigua, kwa kuwa sikujua nyimbo za watoto.

Mwezi wa kwanza hakuna kilichobadilika. Zaituni alikuwa ananiwekea mafuta kizingitini, anaingia ndani, na anatoka nimalizapo. Mwezi wa pili, asubuhi moja, nilipoweka kidole changu kwenye kile kiganja, kilishikwa. Kidogo sana, kama unyoya umekugusa. Nikamwita Zaituni. Akaja, akaweka kidole chake, akangoja, na chake nacho kikashikwa. Nilianza kulia. Akaniambia, "Usimdondoshee mtoto machozi, mafuta yanatosha." Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu barazani, na mpaka leo nikiyakumbuka nacheka.

Ule mkono ulipona nusu. Kiwiko kilikunja, vidole vilishika, lakini bega halikupanda kupita kifua. Halijapanda mpaka leo. Msije mkamwambia mzazi kwamba kukanda kunarudisha kila kitu.

Na mlangoni? Mlangoni palikuwa pagumu kuliko shambani. Nyumba ya kwanza nilisimama nje nikasema, "Mimi ni Mwanjaa. Kabla sijaingia, jueni kwamba nilimvuta mtoto wa Mdoe kwa haraka nikamlemaza mkono." Mlango ukafungwa. Ya pili vile vile. Ya tatu walinipa maji ya kunywa, wakaniambia niende. Nilikaa karibu mwaka bila kuitwa na mtu, nikilima bondeni tu, na wanawake wakiteka maji mtoni wananionyesha kwa watoto wao.

Siku moja niliitwa kwa mwanamke mmoja mzee, karibu na sokoni, mke wa mwanawe akiwa na uchungu. Nikasimama nje nikasema maneno yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, ameweka mikono kiunoni. "Wenzako wote waliopita mlango huu hawajawahi kukosea," akasema. "Hata mmoja. Na nimezika wajukuu wawili. Ingia."

Niliingia. Mtoto alizaliwa salama, nami nilitoka nje nikakaa chini.

Tangu siku ile wakaanza kuniita. Na jambo moja likatokea ambalo hata Zaituni hakulipanga. Kwa kuwa nililisema kosa langu kila mlango, Korogwe nzima ilijifunza. Wakwe walijua, mawifi walijua, waume walijua. Ilifika mahali mwanamke akianza tu kuguna, wanaume nje wanapiga kelele, "Mgeuzeni! Mgeuzeni!" na mwanamke mwenyewe bado anakula ugali wake. Wakunga wengine walinichukia kwa hilo, maana nao walianza kuulizwa. Lakini mikono iliyolegea ilikuwa michache, na Bibi Chausiku aliishi akaona hivyo. Alipokuwa mgonjwa kwa mara ya mwisho, nilimwambia, "Bibi, siku ile njiani nilikwambia umeniua." Akasema, "Sikumbuki." Alikumbuka. Alikuwa ananiachia tu.

Hadija alikua. Mdoe alimchongea mchi mwembamba na kinu kidogo cha kumfaa, akawa anatwanga kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umekishikilia kinu kisiyumbe. Kulima alijifunza mwenyewe, kwa jembe la mpini mfupi, akiinama sana. Nilikuwa namwona pembeni mwa shamba anajaribu, na nilijifanya sioni.

Vita vya Mdachi na Mwingereza vilipokuja, vyakula vikachukuliwa, wanaume wakachukuliwa kubeba mizigo, na Mdoe alikuwa mmoja wao. Alirudi, namshukuru Mungu, amekonda kama ufito. Miezi ile kile kipande cha bondeni ndicho kilichotulisha: Zaituni, wifi yake, Hadija na mimi. Hapo tayari tulikuwa tunapika chungu kimoja. Nilikula fidia niliyokuwa ninalipa.

Msimu uliofuata nilifika shambani alfajiri na kumkuta Hadija ameshaanza. Alikuwa msichana mrefu sasa. Akanisalimia, "Shikamoo, Bi Mwanjaa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema?"

"Mwaka huu nalima mwenyewe. Nimesema basi."

Nilisimama na jembe langu begani. Nilipaswa kufurahi. Nilihisi kama nimefukuzwa nyumbani. Nikamuuliza, "Na kesho nitafanya nini?"

Akafikiri. "Njoo tu," akasema. "Lakini uje kama mgeni. Ukae."

Zaituni alikwenda kwa Jumbe akasema fidia imekwisha, yote, pamoja na maneno ya mlangoni. Ya mlangoni nilimkatalia. Niliendelea kuyasema mpaka nilipoacha kazi, bila kulazimishwa na mtu. Nilikuwa nimegundua kwamba nikiyasema, mikono yangu inatulia.

Hadija aliolewa. Alikuwa na shamba lake, mbuzi wake na akiba ya mpunga, na waliokuja kumposa walikuwa wawili, akachagua. Alipokaribia kujifungua alirudi kwa mama yake, na wakanitumia mtu. Nilikataa. Nilimwambia yule mtu kwamba nina homa, nami sikuwa na homa. Baada ya muda akaja Zaituni mwenyewe, anahema.

"Unaumwa nini?"

"Naogopa, Zaituni. Mwite mwingine."

"Yeye kakutaka wewe. Mimi nilimwambia achague yeyote, hata wa misheni. Akasema anamtaka yule anayejua bega linavyouma." Akanishika mkono. "Vaa. Twende."

Nilifika mlangoni kwao, na kwa mazoea nikasimama nikaanza, "Mimi ni Mwanjaa. Kabla sijaingia…" Kutoka ndani Hadija akapiga kelele katikati ya uchungu, "Bi Mwanjaa, najua! Ingia!"

Ilikuwa asubuhi nzima. Mtoto alikuwa mkubwa kama mama yake alivyokuwa. Kichwa kilipotoka kilisimama, na nilijua kabla hakijaanza kurudi. Nilisema, "Hadija, mama, geuka." Yeye mkono mmoja haukuweza kumbeba, hivyo Zaituni alipiga magoti mbele yake, akamwegemeza bega lile la kushoto kwenye bega lake, wakakaa hivyo kama watu wanaokumbatiana. Nami nikangoja. Niliweka mikono yangu wazi chini, bila kushika kitu, nikahesabu pumzi zangu. Bega likazunguka lenyewe. Mtoto akanishukia mikononi, mvulana, na mikono yote miwili ikaruka juu.

Tulimaliza kila kitu. Nilimfunga mtoto, nikamweka kifuani kwa mama yake, na Hadija akamshika kwa mkono wa kulia, ule wa kushoto akauweka chini yake kama kitanda. Nilitoka uani. Zaituni akanifuata na kata ya maji na kipande cha sabuni, akanimiminia. Nilinawa mpaka viwiko. Alimimina polepole, mpaka maji yalipotoka safi.

"Mjukuu wangu huyu hana anachokudai," akasema.

Akatandika mkeka, akaleta uji na ndizi za kuchemsha, tukakaa tukala.